Samaki wa Kaka Hataki Kula Mbele Yangu

Jumatatu, 6 Mei

Shemeji kaitisha kikao. Tumekutana kwenye karakana ya mumewe, marehemu kaka yangu, pale alipokuwa akitengeneza meno ya bandia. Tulikuwa watatu: shemeji mwenyewe, mimi, na kaka yake shemeji, huyu tunayemwita Fundi Friji kwa sababu anatengeneza majokofu. Samaki naye alikuwepo lakini hakushiriki. Alikuwa nyuma ya gogo.

Samaki huyu ni piranha, yule mla nyama mwenye meno makali na tumbo jekundu. Ana ukubwa wa sahani ya chakula. Watu wakisikia jina wanarudi nyuma hatua mbili. Mimi namjua miaka tisa, na sijaona kiumbe mwoga kama yeye. Kaka alimpenda kwa ajili ya meno. Alisema piranha meno yakimtoka upande mmoja, yanaota mengine mapya, na kwamba huyu peke yake kati ya marafiki zake ndiye ambaye hatamhitaji kikazi. Yale yaliyotoka aliyaokota chini ya tangi na kuyaweka kwenye kichupa cha dawa. Kichupa bado kipo dirishani.

Hoja ya kikao ilikuwa hii. Shemeji anahamia kwa binti yake, ghorofa ya tatu, na tangi la lita mia tano haliwezi kupanda huko. Samaki apate mtu wa kumchukua kabla ya Jumapili kwisha. Nikasafisha koo. Mimi ndiye ndugu wa damu, nikajua mambo yamekwisha. Shemeji akaniambia ningoje kwanza. Akasema marehemu aliacha neno: samaki apewe yule ambaye samaki mwenyewe atakubali kula mbele yake.

Tangu kaka afariki, samaki hali mbele ya mtu yeyote. Ukiweka kipande cha nyama ya samaki na kufunga mlango, ukirudi baadaye hukikuti. Ukibaki chumbani, kipande kinakaa na samaki anakaa. Fundi Friji akasema yeye ndiye anayetunza pampu, chujio na hita, kwa hiyo samaki ameshamzoea. Akasema hivyo mikono kifuani. Simpendi mtu anayeongea mikono kifuani.

Niliinuka nikamgongea samaki kioo kumsalimu, kama kawaida yangu. Akageuka rangi, akalala ubavu kwenye mchanga kama aliyezimia. Fundi Friji akanitazama. Nikamwambia ananikumbuka.

Niandike na ukweli, maana daftari hili hakuna anayelisoma. Mimi ni mchora vibao. Mwezi wa pili nilimchorea kaka kibao cha karakana, jino moja kubwa jeupe lenye mizizi yake. Alikitazama, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hilo si jino, ni kigoda. Nilikasirika. Nikaapa sitakanyaga kwake mpaka aniombe radhi. Nikasikia anaumwa. Nikasema aanze yeye. Wiki saba. Nilishaamua kwenda siku ya Jumapili, na shati nilikuwa nimepiga pasi. Akafariki Alhamisi.

Ndiyo maana nataka yule samaki. Akila mbele yangu, nitajua kaka kanisamehe. Akila mbele ya Fundi Friji, sijui nitaishi vipi.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza. Ni mwepesi na wa akili. Kesho asubuhi ni zamu ya Fundi Friji kujaribu. Samaki aliyeshiba hali. Kwa hiyo leo nimshibishe.

Niliingia saa mbili asubuhi shemeji akiwa sokoni. Nikatia nusu kilo nzima ya minofu. Nikagonga kioo kumjulisha kuwa chakula kipo. Nikatoka, nikafunga mlango, nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Saa tisa shemeji akanipigia simu. Maji yamekuwa kama ya kuoshea vyombo, samaki anahema juu juu, nije haraka. Nilipofika Fundi Friji alishavua viatu. Alikuwa akitoa minofu kwa kichujio, kipande kimoja kimoja, na kila kipande alikipandisha juu akakitazama kabla hajakitupa. Haukuwa umeliwa hata mmoja. Akauliza, bila kumtaja mtu, ni nani mwenye akili zake anayeweza kufanya kitu cha namna hii. Nikasema labda binti yake shemeji. Shemeji akanikumbusha kuwa binti yake yuko safari ya saa sita kutoka hapa na hajaja tangu mwezi uliopita. Nikasema ndiyo maana nimesema labda.

Maji ya bomba hayatiwi moja kwa moja. Lazima yakae ndooni siku mbili dawa ya kusafishia maji itoke, vinginevyo yanamuumiza samaki. Kaka alikuwa na ndoo kumi na nne zimepangwa tayari uani. Zimekaa hapo tangu alipokuwa hai, Fundi Friji anazijaza tu. Nimezibeba mimi zote kumi na nne. Kiuno hakinitaki.

Jumatano, 8 Mei

Fundi Friji alijaribu saa tatu. Nilikuwa dirishani, kwa bahati. Alikaa vizuri dakika kumi, samaki akaanza kutoa pua nyuma ya gogo. Kisha pampu ikatoa mlio kidogo, akashindwa kujizuia, akainuka na bisibisi. Samaki akarudi alikotoka. Mtu huyu hawezi kuona mashine inalia akainyamazia. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Mpango wa pili ulinijia papo hapo. Samaki hamkatai mtu, anamtafuta mtu wake. Nyuma ya mlango koti jeupe la kaka bado limetundikwa, na kofia yake, na miwani yake ya kazini. Mimi na kaka tulifanana tangu utoto, walimu walikuwa wakitucharaza kwa kubadilishana. Nikavaa koti. Nikavaa kofia. Nikavaa miwani. Nikainama mezani kama alivyokuwa akiinama, bega la kushoto chini kidogo, nikashika tupa yake ya kusugulia meno nikaanza kusugua kipande cha plasta, ile chokaa ngumu ya kupatia umbo la meno.

Mlango ukafunguka. Shemeji aliingia na kikombe cha chai.

Hakupiga kelele. Kikombe hakikuanguka. Alisimama tu. Mimi nikaganda na tupa mkononi. Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini sana, nisigeuke kwanza. Sikugeuka. Nikamsikia akivuta kiti na kukaa. Nikaendelea kusugua kwa sababu sikujua la kufanya. Nilisugua plasta ile mpaka ikaisha.

Baadaye akasema sasa naweza kugeuka. Nikageuka. Akanitazama usoni, akashusha pumzi, akasema chai imepoa, akatoka nayo.

Nilivua koti nikalirudisha mahali pake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Lakini niliangalia na tangi pia. Samaki alikuwa amelala ubavu. Nilimgongea kioo mara mbili kuona kama yu mzima. Yu mzima.

Alhamisi, 9 Mei

Nimetafakari kosa la jana. Kosa ni kwamba nilisogea. Picha haisogei.

Nimefunga ofisi yangu nikakataa wateja wawili. Mwenye duka la mikate alikuja kuuliza kibao chake, nikamwambia rangi haijakauka. Rangi haijafunguliwa. Nimechora uso wa kaka kwenye ubao wa futi mbili kwa mbili, kwa kichwa tu, bila picha ya kutazamia. Nilianza na paji la uso. Kidevu kikanishinda mara tatu. Sikio la kushoto nikalishusha kidogo, maana lilikuwa chini kuliko la kulia na watoto shuleni walimtania. Mimi ndiye niliyekuwa nikipigana nao.

Nilichora mpaka saa kumi na moja jioni. Nilipofika kwenye midomo nililia. Rangi ya mafuta haichanganyiki na machozi, kwa hiyo haikuharibika.

Mke wangu akapita kuniletea ufunguo. Akaitazama kazi muda mrefu. Akasema nimejichora vizuri. Nikamwambia huyu ni marehemu. Akasema pole, basi ana macho yangu, pua yangu, na ule mnuno wangu. Nikamwambia atoke, natafuta umakini.

Ijumaa, 10 Mei

Niliegemeza picha kwenye kioo cha tangi, uso ukitazama ndani. Nikatia kipande cha mnofu. Nikajificha nyuma ya pazia la mlango wa stoo, mahali ninapoona bila kuonekana.

Samaki alitoka nyuma ya gogo. Akaiona picha. Akasimama. Kisha akapauka kuanzia kichwani hadi mkiani, akageuka, akajichimbia kwenye mimea ya kona akabaki na mkia tu nje.

Fundi Friji akaingia na bomba la chujio. Akauliza kwa nini nimembandikia samaki picha yangu. Nikatoka nyuma ya pazia nikamwambia aheshimu marehemu. Akasema marehemu yeye anamheshimu sana, anayemuulizia ni huyu wa kwenye ubao. Tungebishana mpaka kesho, lakini shemeji alikuwa ameshafika mlangoni.

Aliinua ubao akaupeleka kwenye mwanga. Akapitisha kidole kwenye sikio la kushoto. Akasema watu wote waliomjua mumewe miaka thelathini hawajawahi kuliona sikio hilo. Akauliza kama anaweza kuuchukua kwenda nao kwa binti yake. Nikasema ndiyo. Fundi Friji akaanza kukaza bomba ambalo lilikuwa limekaza.

Shemeji akarudi na daftari la karatasi ngumu. Daftari la samaki, la kaka. Kila siku aliandika humo joto la maji na alichokula samaki. Akasema nilisome kabla ya Jumapili, nisisome harakaharaka.

Nililipokea kwa adabu. Moyoni nikapiga hesabu zangu. Siri ya kumlisha iko humu, na Fundi Friji hana nakala. Nimeshinda.

Jumamosi, 11 Mei

Nilianza kusoma asubuhi na kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta siri.

Siri iko ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wake ule mdogo ulionyooka: Kaa. Usimtazame. Usiguse kitu. Atakuja mwenyewe.

Nikapigia mstari. Ningeweza kuishia hapo nikaenda zangu. Nikafunua ukurasa wa pili.

Nyuzi ishirini na saba. Mdogo wangu kaja. Kagonga kioo. Samaki hakula siku mbili. Mimi nimekula vizuri.

Nikadhani ni siku moja hiyo. Nikafunua. Wiki iliyofuata: Mdogo wangu kaja, kagonga kioo, samaki hakula mpaka Jumanne, tumecheka sana. Mwezi uliofuata: Mdogo wangu kaja na embe, kagonga kioo, nimemhamisha samaki upande wa ukutani. Miaka tisa ya hayo. Nilihesabu mara arobaini na kitu nikaacha. Samaki hakula. Mimi nimekula vizuri. Hakuniambia hata siku moja. Angeniambia ningeacha. Au ningenuna. Nadhani alijua ningenuna.

Kisha mwezi wa pili. Mdogo wangu kaleta kibao. Jino limekuwa kigoda. Nilicheka vibaya, kaondoka na hasira. Nimekitundika. Atakayekigusa tutakosana.

Kisha Jumapili iliyofuata: Nimefunika kioo kwa taulo upande wa mlangoni, mdogo wangu asije akamshtua samaki. Hakuja.

Jumapili: Nimefunika. Hakuja. Ningemwita, lakini nilimcheka mimi, acha apoe aje mwenyewe.

Jumapili: Nimefunika. Hakuja. Mwandiko umeanza kulala.

Jumapili saba zote. Mara ya mwisho aliandika siku ya Jumatano, herufi kubwa zilizoachana, nyuzi hakuziandika: Nimewaambia wasiondoe taulo. Anaweza kuja.

Niliweka kalamu chini. Mke wangu aliniita chakulani, sikwenda. Akaja, akanikuta, akachukua daftari akasoma ukurasa huo mmoja tu. Akakaa pembeni yangu.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya kuamua. Fundi Friji aliomba aanze yeye. Alizima pampu mapema isimtie majaribuni. Alikaa kimya robo saa, nikaona jasho linamtoka. Samaki alikaribia kipande kabisa. Halafu Fundi Friji akakumbuka kwamba pampu ikizimwa muda mrefu maji yanakosa hewa, na akawa na haki, akainuka kuiwasha. Samaki akatoweka. Akasema potelea mbali, afya ya samaki kwanza. Nilimheshimu kwa sekunde kadhaa.

Zamu yangu. Sikuwa na mpango. Niandike hili vizuri kwa sababu halijawahi kutokea: sikuwa na mpango wowote. Kwenye pembe nilikuta taulo la bluu limekunjwa, nikajua ni lile. Nikalitandaza juu ya kioo upande wa mlangoni, kama alivyokuwa akifanya. Nikatia kipande. Nikavuta kigoda cha kaka, nikakaa, nikampa samaki mgongo.

Nikamwambia kaka kwamba nimekuja. Nilisema kwa sauti, sijui shemeji alisikia. Nikamwambia lile jino kweli ni kigoda, mizizi nilichora mingi mno. Nikamwambia shati nilikuwa nimeshalipiga pasi. Kisha sikuweza tena kusema, nikainamisha kichwa kwenye magoti nikalia, kilio cha kwikwi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.

Shemeji akanigusa bega. Akasema kala.

Nikauliza nani.

Akasema samaki. Kala kipande chote, kwa utulivu, kisha akazunguka akatafuta kingine. Kaka yake naye kaona. Fundi Friji akaitika kwa kichwa, na hakuwa na mikono kifuani.

Alikula mbele yangu na mimi sikumwona. Nilipogeuka alikuwa ameshajirudia nyuma ya gogo. Nimeridhika hivyohivyo. Nimemwambia shemeji kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Akasema atafurahi kukutana naye.

Jumapili, 19 Mei

Samaki yuko sebuleni kwangu. Fundi Friji na watu wake wanne walilibeba tangi, akafunga pampu, akapima joto, akakataa hata soda. Jumatano samaki alianza kula mbele ya mke wangu, aliyekuwa amekaa pale pale anashona. Mke wangu hana kipaji, ni bahati. Mimi ndiye niliyemzoesha, na wageni wote wanaokuja nawaeleza jinsi uvumilivu wangu ulivyomshinda piranha.

Juzi nilichora kibao cha kutundika juu ya tangi. Samaki mmoja mkubwa, tumbo jekundu, meno wazi. Nimechora vibao miaka thelathini na hiki ndicho bora kuliko vyote.

Leo mchana Fundi Friji kaja kuangalia chujio. Kainua macho akakiona kibao. Kacheka mpaka akashika ukuta. Kasema huyo si samaki, ni pasi ya umeme.

Nimemwonyesha mlango. Kaondoka kasahau bisibisi yake. Nimeapa sitakanyaga kwake mpaka aniombe radhi.

Saa kumi shemeji akapiga simu kutoka kwa binti yake. Picha ya kaka wameitundika, wajukuu wanaiita babu. Akasema pia kwamba Fundi Friji anaingia hospitali Alhamisi, kifua kinachomsumbua siku nyingi kimezidi, na ingekuwa vizuri nikamwona kabla. Nimemwambia nitaangalia ratiba. Moyo wangu ni mweupe, lakini aanze yeye. Nimejipangia Jumapili ijayo. Shati nimelitoa.

Nilikwenda kwenye tangi kumwuliza samaki mwenyewe kama ile ni pasi. Mke wangu alikuwa ametundika taulo la bluu upande wa mlangoni. Nikalisogeza, maana hanioni. Nikagonga kioo, taratibu tu, mara tatu. Kalala ubavu.

Nimefungua daftari la kaka nikaandika chini ya mwandiko wake: Nyuzi ishirini na saba. Fundi Friji kaja. Samaki hakula. Kosa ni la Fundi Friji.